Mbegu za Amani: muhogo uliofungiwa bajeti

Mwaka 1957 mpango wa kuzalisha mbegu bora za muhogo katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, ulifungwa. Haukufungwa kwa kushindwa. Ulikuwa umekwenda kwa takribani miaka ishirini, na mihogo iliyokuwa ikitafutwa ilikwishapatikana. Watumishi walipangiwa kazi nyingine na vitalu vikaota majani.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mashamba ya muhogo ya Uganda yalipoanza kukauka na watu wa Teso wakalala njaa, mbegu iliyowatoa humo ilikuwa ya ukoo wa mihogo ile ya Amani. Haikushuka moja kwa moja kutoka Tanga. Ilikuwa imekaa Nigeria kwa muda mrefu, na huko ilipewa namba mpya na wazazi wapya.

Historia ya sera za sayansi katika nchi zetu kwa kawaida husimuliwa kwa mfuatano wa mabaraza: sheria ya mwaka huu ikaunda baraza, sheria ya mwaka ule ikalivunja na kuunda tume. Mabaraza hayo yana nafasi yake, nami nitayafikia. Lakini muhogo umepita chini ya serikali ya Kijerumani, ya Kiingereza, jumuiya iliyovunjika na mataifa matatu huru, na kila mmoja wao aliufanyia jambo ambalo matokeo yake yalionekana wakati mwenyewe ameshaondoka. Kwa hiyo naufuata muhogo.

Amani ilianzishwa mwaka 1902, nchi ikiwa koloni la Wajerumani. Mkurugenzi wake wa kwanza, Franz Stuhlmann, alikuwa amekwenda Java na kuiona bustani ya Buitenzorg, ambako Waholanzi walijaribu kila mti uliokuwa na dalili ya kuleta faida. Akataka bustani ya namna hiyo Afrika Mashariki. Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea aliyewahi kufanya kazi Buitenzorg kwenyewe, naye akaja Usambara. Msitu ukafyekwa, maabara na maktaba vikajengwa, na miti ikaletwa kutoka kila upande wa nchi za joto: kwinini, kafuri, kahawa, viungo, miti ya mbao na miti ya mpira.

Kusudi lake lilikuwa wazi. Koloni lilitakiwa lijilipie, na mazao ya kulilipia yalikuwa yale ya kupakiwa melini. Mkonge ulikwishaonyesha jinsi bahati ndogo inavyoweza kugeuka utajiri. Mwaka 1893 Richard Hindorf, bwana kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote makubwa ya mkonge yaliyokuja kuijaza njia ya reli ya Tanga yalianzia kwenye miche hiyo.

Mpira ulikwenda kombo. Walowezi waliupanda mpira wa Ceara, mti wa Brazil ambao ni ndugu wa damu wa muhogo, wakaupanda kwa pupa kadiri bei ilivyopanda. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ukafurika sokoni, bei ikaporomoka, na miti ikaachwa ilipo. Mingi ilibaki vijijini kama kivuli au mpaka wa shamba, bila wa kuigema. Msomaji auweke mti huo akilini, maana utarudi kwa kazi ambayo hakuna aliyeupandia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, wataalamu wa Amani waliacha utafiti wa kawaida wakaanza kutengeneza vitu ambavyo meli hazikuleta tena, na kilicho maarufu zaidi kati ya hivyo ni kwinini ya askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, iliyotokana na magome ya miti ya huko huko milimani. Mwaka 1916 Waingereza wakakiteka kituo. Walikabidhiwa bustani na maktaba ambavyo kwa miaka kadhaa hawakuvitumia ipasavyo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 William Nowell alipopewa jukumu la kukifufua kiwe kituo cha utafiti wa kilimo kwa nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza.

Katika hayo yote muhogo haukuwa na kiti mezani. Ulikuwa umeletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil, ukaingia pwani yetu na visiwani, kisha ukapanda bara mkono kwa mkono, bila bwana shamba wala kampuni. Ulikuwa chakula cha wenyeji. Haukuuzwa Hamburg wala London. Hata hivyo ugonjwa wake ulitambuliwa mapema, na mahali ulipotambuliwa ni Usambara hiyo hiyo. Mwaka 1894 Otto Warburg aliandika habari za mihogo iliyojikunja majani yakawa na mabaka ya kijani na njano, mmea ukadumaa na mizizi ikawa kama vidole. Mwaka 1906 Zimmermann aliuchunguza pale Amani bila kuona kimelea chochote, akahisi kuwa kisababishi chake ni kitu kisichoonekana hata kwa hadubini. Wakulima wanauita batobato.

Kilichoupa muhogo heshima serikalini ni nzige. Nzige hula kila kilicho juu ya ardhi, lakini mizizi huiacha chini, nao muhogo ukikatwa majani hudumu na kuchipua tena. Baada ya uvamizi wa nzige wa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni Tanganyika iliulazimisha. Kila kaya ipande kiasi fulani cha muhogo kama akiba ya njaa, na asiyepanda alipelekwa barazani kwa chifu kutozwa faini. Wazee wengi wa vijijini wanakumbuka kilimo hicho cha amri kuliko wanavyokumbuka utafiti wowote. Lakini amri hiyo ilileta swali ambalo serikali haikuweza kulikwepa. Ikiwa unamlazimisha mtu kupanda zao moja ili asife njaa, na zao hilo linaliwa na batobato, umemwekea akiba gani?

Swali likampata Harold Storey. Huyu alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyejipatia jina Afrika Kusini kwa kuonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi husambazwa na mdudu mdogo anayeruka jani kwa jani. Alifika Amani mwaka 1928, na mwaka 1938 yeye na mwenzake R.F.W. Nichols wakathibitisha kwamba batobato ya muhogo huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaotimka kutoka upande wa chini wa jani ukiutikisa mche. Ukishajua mbebaji ni inzi asiyehesabika, unajua pia kwamba mkulima mdogo hawezi kumpiga dawa akamaliza. Njia iliyobaki ni muhogo wenyewe uwe na ukinzani.

Wakakusanya mihogo kutoka pande nyingi za dunia, ikiwemo Java na Brazil, wakaipanda kwenye ukanda wenye ugonjwa mkali. Iliyostahimili ilistahimili kidogo tu, na sababu haikuwa ngumu kuiona: batobato ni ugonjwa wa Afrika, na muhogo wa Amerika haukuwahi kuishi nao hata ukajifunza kujikinga. Hapo ndipo walipoigeukia jamaa ya muhogo, mimea ya porini na miti ya ukoo ule ule, na miongoni mwake mpira wa Ceara uliotelekezwa na walowezi. Mti huo haukuugua kirahisi.

Kuchanganya muhogo na mti wa mpira ni kazi ya mikono. Ua la kike linafunikwa kabla halijafunguka, chavua ya baba inaletwa na kupakwa, kisha ua linafunikwa tena na kuandikwa kibandiko. Mbegu chache zinazopatikana huoteshwa, miche hupandikizwa kati ya mihogo yenye ugonjwa, na inayougua hung'olewa. Machapisho yamebaki na majina ya Wazungu wawili watatu. Mikono iliyofunika na kufungua maelfu ya maua kila msimu ilikuwa ya vibarua wa Usambara ambao hakuna jarida lililowataja.

Chotara wa kwanza alikuwa mkinzani sana na hana maana jikoni. Alirithi mizizi ya mti: migumu, myembamba, haina wanga. Kwa hiyo alirudishwa kwa muhogo wa kawaida, watoto wake wakachujwa, walio bora wakarudishwa kwa muhogo tena, na mara ya tatu vivyo hivyo. Kila kurudisha kulipunguza ukinzani kidogo na kuongeza wanga. Ni baada ya mara hiyo ya tatu ndipo ilipopatikana mihogo inayoistahimili batobato na bado inajaza kapu. Muhogo huchukua karibu mwaka kukomaa. Hesabu ya miaka ishirini haikuwa uzembe.

Wakati huo huo Storey alikuwa ameukuta ugonjwa wa pili, akauandika mwaka 1936. Huu ulikuwa wa pwani na nyanda za chini, na ulikuwa mjanja kuliko batobato. Majani ya chini huonyesha njano kidogo, ambayo mkulima huidhania uzee wa jani. Shamba linasimama zuri. Ukija kung'oa na kukata mzizi, ndani unakuta madoa ya kahawia makavu kama kizibo, yasiyolika wala kukaushwa kuwa makopa. Ndio michirizi ya kahawia. Kwa kuwa haukupanda milimani, wachache nje ya pwani waliujali, lakini watu wa Amani waliufanyia kazi pia, na baadhi ya chotara waliotokana na mti wa mpira walionekana kuustahimili. Mmoja wao aliandikwa 46106/27.

Kufikia hapo Amani yenyewe ilikuwa inapunguzwa. Mwaka 1948 Uingereza iliunda Tume Kuu ya Afrika Mashariki, na utafiti wa kilimo na misitu ukawekwa chini ya shirika moja la pamoja lenye makao Muguga, magharibi ya Nairobi. Majengo ya Amani yakageukia utafiti wa malaria. Kwa mpangaji aliyeko ofisini mantiki ilikuwa nzuri: kituo kimoja kikubwa, karibu na makao makuu, kwenye hali ya hewa ya baridi inayowafaa wazungu na vifaa vyao. Muhogo hauliwi Muguga. Kazi yake ikabaki mlimani Usambara kama mtoto wa kambo, ikiongozwa mwishoni na D.L. Jennings, hadi 1957.

Nadhani kosa la uamuzi huo halikuwa kusimamisha uchavushaji. Mradi wowote unaweza kufika mahali pa kupumzika. Kosa lilikuwa kutokuwepo kwa mtu yeyote aliyepewa dhamana ya mbegu zenyewe. Jennings, kwa bahati, alifanya alichoweza: alituma mbegu nje. Pingili ya muhogo hubeba virusi vya mama yake popote iendapo, lakini mbegu iliyotoka kwenye ua haibebi batobato. Inatiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta. Bahasha hizo zilikwenda nchi kadhaa za Afrika, na moja ilifika Moor Plantation, kituo cha kilimo cha Ibadan, Nigeria, ikiwa na uzao wa chotara 5318/34.

Hapa nchini pingili zilikuwa zimekwishatoka kituoni kwenda kwa wakulima, na kwa upande wa utafiti habari zao ziliishia hapo.

Uhuru ulipokuja, sayansi ya pamoja ilirithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, pamoja na reli, posta na ndege. Tanzania ikapitisha mwaka 1968 sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lililojulikana zaidi kama UTAFITI, likaanza kazi miaka michache baadaye. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wengi wanakumbuka ndege zilizokamatwa na mpaka uliofungwa. Wachache wanakumbuka kwamba siku zile zile utafiti wa kilimo wa nchi tatu ulikatwa mapande. Muguga ilibaki Kenya, na mwaka 1979 ikawa sehemu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo. Tanzania iliunda shirika lake la utafiti wa kilimo, TARO, mwaka 1980, ikalivunja mwaka 1989. Viwanda navyo vikapata vituo vyao, TIRDO ya Dar es Salaam na wenzake wa Arusha. Mwaka 1986 UTAFITI ikapisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Ni miaka hiyo hiyo wakuu wa Afrika walipokutana Lagos, mwaka 1980, wakaweka katika Mpango wa Lagos lengo la kila nchi kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa sayansi na utafiti. Umoja wa Afrika ukalirudia lengo hilo mkutanoni Addis Ababa mwaka 2007. Nchi nyingi hazijalifikia hata leo. Wachambuzi hulia na asilimia hiyo, nao wana haki. Mimi hunishangaza zaidi kwamba lengo lenyewe linahesabu kiasi na halihesabu muda. Asilimia moja iliyogawanywa katika miradi ya miaka mitatu mitatu isingeuzaa muhogo wa Amani, ambao ulihitaji kurudishwa kwa muhogo mara tatu na kila mara kuchujwa kwa misimu. Shirika linaloundwa 1980 na kuvunjwa 1989 halijapata hata nusu ya umri huo.

Ibadan hali ilikuwa tofauti kidogo. Kutokana na mbegu zilizotoka Amani, watafiti wa Nigeria walichagua mmea mmoja wakauita 58308. Ulikuwa mkinzani mzuri, lakini mazao yake hayakumridhisha mkulima, ukabaki kituoni kama ng'ombe dume asiye na maziwa. Mwaka 1967 Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, ilianzishwa kwenye mji huo huo, na mwaka 1971 akafika mtafiti kutoka Korea, Sang Ki Hahn. Alipewa muhogo na viazi, mazao ambayo wafadhili wa mapinduzi ya ngano na mpunga walikuwa hawayapi uzito. Hahn akamchukua 58308, akamwoza kwa mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi na kwa mingine ya Amerika. Uzao huo ukapewa herufi TMS na namba, na maarufu kuliko yote ni TMS 30572.

Nigeria iliipokea. Serikali, makanisa, makampuni ya mafuta na wakulima wenyewe wakazisambaza pingili, mashine ndogo za kukwangulia muhogo wa unga uitwao gari zikaupa muhogo soko mjini, na kufikia miaka ya 1990 Nigeria ilikuwa imeipita Brazil, nchi ya asili ya zao hilo, kwa wingi wa muhogo. Watu wa Ikire walimtawaza Hahn kuwa Seriki Agbe, mkuu wa wakulima. Hahn alikuwa na kitu ambacho Jennings alinyimwa: zaidi ya miaka ishirini kwenye zao moja, mahali pamoja.

Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa inatoka vitani. Kaskazini ya Luwero wakulima wakaona batobato ya namna mpya, kali, inayogeuza shamba zima kuwa majani makunjamano katika msimu mmoja. Ilisogea kusini kama kilomita 20 kila mwaka, ikitanguliwa na mawingu ya inzi weupe. Baadaye, mwaka 1997, maabara zilionyesha kuwa virusi viwili vya batobato vilikuwa vimebadilishana vipande na kuzaa kirusi kipya. Mkulima hakuhitaji maabara kujua kwamba mambo yamebadilika. Teso waliumia kuliko wengi. Ng'ombe wao walikuwa wameporwa kwa uvamizi na vita vya ndani, muhogo ndio uliokuwa umewabakia, nao ukafa mikononi. Mwaka 1993 na 1994 watu walikufa njaa.

Kituo cha Namulonge, kilichojengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya pamba, ndicho kilichobeba mzigo. Timu ya muhogo iliongozwa na William Otim-Nape. Miaka ya 1980 Uganda ilikuwa imepokea kutoka Ibadan mihogo ya TMS kwa majaribio, na katika mashamba yaliyoungua ilionekana ni ipi iliyosimama. TMS 30572 ilitolewa kwa wakulima kwa jina la Migyera, na nyingine mbili zikaitwa Nase 1 na Nase 2. Pingili zilizidishwa na vikundi vya wanawake, shule, makanisa, magereza na mashirika ya misaada. Wafadhili walikuwapo, lakini palikuwapo pia kituo cha taifa chenye watu waliolijua zao lao kabla ya fedha kuja. Bila wao, shehena ya mbegu kutoka Ibadan ingekuwa kuni.

Batobato mpya ikavuka kuingia magharibi ya Kenya, Kagera na kanda yote ya Ziwa, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Mihogo ya ukoo wa Amani ikaifuata kila ilikokwenda. Kwa kipande hiki cha historia, bahasha ya Jennings ilikuwa imerudi ilikotoka, baada ya miaka karibu arobaini, kwa kupitia upande wa pili wa bara. Sijui kama kuna barua yoyote ya posta iliyolipa vile.

Ingekuwa hadithi nzuri kuishia hapo, ila mwaka 2004 watafiti wa Uganda wakakuta michirizi ya kahawia kwenye mashamba ya karibu na Kampala, mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ugonjwa uliotajwa kwa miaka sabini kuwa wa pwani ulikuwa umepanda mlima. Inzi weupe walikuwa wameongezeka mno kwa miaka ile, nao ndio wanaoubeba. Migyera na mingine iliyoshinda batobato haikuwa na kinga. Mkulima aliyekuwa ameambiwa apande mbegu ya kisasa akaja kukata mzizi na kukuta kizibo.

Watafiti wakageuka kutafuta ni nani aliyewahi kuishi na michirizi. Jibu lilikuwa kusini mwa Tanzania, ambako kituo cha Naliendele, Mtwara, kilikuwa kimeusoma ugonjwa huo tangu miaka ya 1990, wakati wengi waliuona kuwa tatizo la mkoa mmoja. Huko wakulima walikuwa na muhogo waliouita Namikonga. Ulionyesha ukinzani mkubwa kuliko karibu kila muhogo uliopimwa. Pwani ya Kenya palikuwa na mwingine, Kaleso, wenye sifa hizo hizo. Vipimo vya vinasaba vilipofanywa, Namikonga na Kaleso zikaonekana ni mmea mmoja, nao ni ule ule 46106/27 wa Amani.

Kituo kilikuwa kimeuacha, shirika la Muguga limegawanywa, TARO imekuja na kuondoka, namba imesahaulika kwenye majarida ya zamani, na pingili zilikuwa zikiendelea kukatwa na kupandwa kila msimu, jirani akimpa jirani, kwa sababu muhogo huo ulikuwa hauozi. Hakuna bajeti iliyoulinda kwa miaka hamsini. Waliouhifadhi walifanya hivyo kwa kuula. Ni faraja, na pia ni aibu kwa yeyote anayejiita mlinzi wa rasilimali za taifa, maana muhogo mwingine wa Amani usiopendeza mdomoni haukupata bahati hiyo.

Mwaka 2016 usomaji wa jenomu ya muhogo uliweka jambo hili wazi kuliko kumbukumbu zozote: katika mihogo mingi ya Afrika, Magharibi na Mashariki, vipo vipande virefu vya kromosomu vilivyotoka kwenye mti wa mpira wa Ceara. Mti ulioporomoka bei mwaka 1913 unakaa leo ndani ya ugali wa mamilioni ya watu.

Namikonga sasa ni mzazi. Wazalishaji wa mbegu wa IITA walioko Tanzania, akiwemo Edward Kanju, na wale wa vituo vya taifa wamemtumia kupata mihogo inayohimili magonjwa yote mawili. Kuanzia mwaka 2012 Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji zilikubaliana kila moja kutoa mihogo yake mitano iliyo bora na kuwapa wenzake, ikiwa imesafishwa virusi maabara, ili kila nchi iijaribu yote. Chini ya Jumuiya ya zamani hilo lingekuwa jambo la kawaida. Safari hii ilihitaji mradi, mikataba ya uhamishaji wa vinasaba na fedha za mfadhili, na mradi ulikuwa na tarehe ya mwisho. Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 2016, imerudisha utafiti wa kilimo kwenye taasisi moja, TARI, inayovisimamia vituo kama Naliendele, Kibaha na Ukiriguru.

Michirizi ya kahawia imekwishaingia Kongo na inasogea magharibi. Afrika Magharibi, kupitia mpango wa WAVE wenye makao Côte d'Ivoire, inafuatilia mashamba na mipaka, na wazalishaji wa mbegu Nigeria wameanza kuchanganya mihogo yao na ile yenye damu ya Namikonga kabla ugonjwa haujafika. Mara hii mbegu zinaondoka Afrika Mashariki kwenda Ibadan zikiwa na karatasi zake zote, majina ya wazazi wote yameandikwa, na zinapandwa katika nchi ambayo mkulima wake bado hajakata hata mzizi mmoja wenye kizibo.